Barua ya Wazi: Kibali cha Mwaka Mmoja, Ufa wa Miaka Ishirini

Kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Marekani, wakuu wa vitivo vya uhandisi, wagawaji wa ruzuku za utafiti, na wote wanaotunga kanuni za viza

Waheshimiwa,

Mimi ni mtafiti wa uhandisi niliyekuja nchini mwenu nikiwa mgeni, na mgeni ningali. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi chuma kilicholehemewa kinavyochoka kikiwa baharini: nguzo za mitambo ya upepo, majukwaa ya mafuta, misingi ya madaraja. Nimepita ngazi ambazo wengi wenu mnazijua kwa majina tu. Nilianza na viza ya mwanafunzi, nikaenda kwenye kipindi cha mafunzo ya kazi baada ya kuhitimu, kisha mikataba ya utafiti wa baada ya uzamivu, na sasa H-1B, yaani kibali cha kazi cha muda kinachoombwa na mwajiri. Siombi huruma. Mshahara unaingia, wenzangu kazini wananiheshimu, na kazi yenyewe naipenda. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba vibali na mikataba yenu ndivyo vinavyoamua maswali gani ya kihandisi yataulizwa na yapi yataachwa, na kwamba uamuzi huo hakuna aliyekaa kikao kuupitisha.

Nianze na hesabu, maana hapo hatutagombana.

Chuma kikivutwa na kuachiwa kwa nguvu ndogo mara nyingi, mwisho wake hupata ufa. Ili kujua kitavumilia kiasi gani, tunakifunga kwenye mashine na kukivuta na kukiachia, mara milioni 10 kama kitadumu. Kikiwa hewani, mashine inaweza kwenda mizunguko 20 kwa sekunde, na kipande kimoja kinamaliza kazi kwa muda usiofika siku sita. Ndani ya maji ya chumvi mambo ni mengine. Chumvi inahitaji muda wa kula chuma pale kwenye ncha ya ufa. Ukiiharakisha mashine, ufa unasonga mbele kabla maji hayajafanya lolote, na matokeo yako yanakuwa mazuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo tunaipunguza mashine iende kwa mwendo wa mawimbi, tuseme mzunguko mmoja kila sekunde tano. Kwa mwendo huo, mizunguko milioni 10 inachukua takriban siku 579. Hicho ni kipande kimoja, na matokeo ya kuaminika yanadai vipande vingi, kila kundi kwa kiwango chake cha mzigo, kwa mashine ambazo hazijawahi kutosha katika maabara yoyote niliyofanya kazi.

Sasa chukueni mkataba wa kawaida wa mtafiti wa baada ya uzamivu. Ni wa mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa ruzuku ikiruhusu. Mwaka una siku 365.

Mtasema wenyeji nao wana mikataba hiyohiyo. Ni kweli, na nao wanaumia. Lakini mwenyeji akikosa mkataba anaweza kurudi kwa wazazi wake, akafundisha shule kwa muhula mmoja, akasubiri ruzuku ipite, kisha akarudi kwenye mashine yake. Mwenye H-1B akiachishwa kazi ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine wa kumwombea kibali, kubadili hadhi au kuondoka. Aliyehitimu na kuwa kwenye kipindi cha mafunzo ya kazi anahesabiwa siku za kukaa bila ajira, na zikizidi 90 hadhi yake iko hatarini. Kwa mtu wa namna hiyo, jaribio la siku 579 si ujasiri wa kisayansi bali ni kamari, na anayeicheza ana mke, watoto na mkataba wa pango la nyumba.

Basi anafanya nini? Anafanya kile ambacho mimi na wengi ninaowafahamu tumekifanya. Anachagua swali linaloisha kabla ya mkataba. Anapima hewani badala ya majini. Anaacha mashine anaingia kwenye kompyuta, anaiga bahari kwa milinganyo, na anachapisha makala tatu katika muda ambao jaribio moja la kweli lisingekuwa limefika nusu. Milinganyo hiyo si ya kudharauliwa, mimi mwenyewe naitumia kila wiki. Lakini lazima mahali fulani pawe na kipande cha chuma kilichokaa majini muda wote unaotakiwa, la sivyo tutakuwa tunahakiki kompyuta kwa kompyuta.

Na hapa msinielewe kuwa nazungumzia mambo ya vitabuni. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, likaua watu 123 kati ya 212 waliokuwemo. Uchunguzi ulifuatilia ajali hiyo hadi kwenye ufa wa uchovu ulioanzia kwenye lehemu ndogo, iliyoshikilia kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Lehemu hiyo haikuwa sehemu ya kubeba mzigo, na pengine kwenye mchoro hakuna aliyeitazama mara mbili. Ufa wa namna ile unakua polepole, kwenye chumvi, kwa miaka. Mtu pekee anayeweza kuugundua mapema maabarani ni yule aliyeruhusiwa kusubiri.

Mnajua vizuri ni nani yuko maabarani mwenu. Zaidi ya nusu ya shahada za uzamivu za uhandisi zinazotolewa Marekani zinakwenda kwa watu wenye viza za muda, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye uzamivu katika uhandisi walizaliwa nje ya nchi. Kwa hiyo tabia ya kukimbilia maswali mafupi si kasoro ya wageni wachache waoga. Ni sura ya uhandisi wenu wenyewe, kwa sababu sisi ndio wengi kwenye zile mashine.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Mgeni anayetaka ukaazi wa kudumu kwa njia ya uwezo wa kipekee anatakiwa kuthibitisha angalau vigezo vitatu kati ya kumi. Kimojawapo ni kuwa amewahi kuhukumu kazi za wengine katika fani yake. Wanasheria wanakitafsiri kwa wateja wao hivi: hakiki makala za majarida, na utunze kila barua pepe ya shukrani. Basi kama mmewahi kujiuliza kwa nini wahakiki wageni wanajibu haraka, wanaandika kurasa nne na kukagua hadi vipimo vya michoro, jibu sehemu yake ni hilo. (Sehemu nyingine ni kwamba tulilelewa kuogopa walimu.) Kigezo kingine ni mchango wenye uzito mkubwa katika fani, ambao kwa vitendo umegeuka kuwa idadi ya mara ulizonukuliwa. Sasa jaribio refu la chuma cha baharini linanukuliwa na watu wachache sana, tena miaka mingi baadaye, na wengi wao wako kwenye kamati za viwango vya ujenzi ambazo hazichapishi makala. Mwanasheria mwema kabisa atakushauri uhamie kwenye betri au akili bandia. Nimeshauriwa hivyo, na aliyenishauri hakuwa mjinga.

Halafu kuna foleni yenyewe. Sheria inatoa takriban nafasi 140,000 za ukaazi wa kudumu kwa njia ya ajira kila mwaka, na ndani yake wanahesabiwa pia wenzi na watoto. Kwa kawaida hakuna nchi moja inayoruhusiwa kupita asilimia 7. Ndiyo maana mwenzangu aliyezaliwa India, aliyeomba siku moja na mimi, akiwa na makala nyingi kuliko zangu, atasubiri kwa miaka mingi baada ya mimi kumaliza, kisa ni mahali mama yake alipojifungulia. Sijapata kusikia mhandisi hata mmoja akijaribu kulitetea hilo mezani. Tunanyamaza tu na kurudi kwenye kahawa zetu.

Mtaniambia kwamba waliotangulia walivumilia. Basi tuwaangalie waliotangulia.

Charles Steinmetz, mhandisi wa umeme, alifika New York mwaka 1889 akitokea Ulaya, alikokuwa amekimbia kwa sababu ya siasa zake za kijamaa. Alikuwa mfupi sana, ana kibyongo, hana pesa, Kiingereza hakijui. Maofisa nusura wamrudishe, na akapenya kwa sababu rafiki aliyesafiri naye alimdhamini. Miaka mitatu baadaye aliwasilisha kanuni yake ya hasara ya sumaku, ile inayomwezesha mhandisi kujua transfoma au mota itapoteza nguvu kiasi gani kabla haijajengwa. Baadaye akaonyesha jinsi ya kukokotoa umeme wa mkondo geu kwa namba changamano, na hadi leo mwanafunzi wa umeme hamalizi mwaka wa pili bila kukutana na njia hiyo. Ninachotaka mkitazame katika habari hii ni kilichofuata baada ya kupenya. Hakuna aliyemwambia kila Juni athibitishe upya kwamba anastahili kuwepo. Alibaki kwenye kampuni ya umeme ya General Electric hadi alipofariki mwaka 1923, akitafuna maswali aliyoyachagua mwenyewe.

Fazlur Khan alikuja kutoka Dhaka mwaka 1952 kwa ufadhili wa Fulbright, akasoma Chuo Kikuu cha Illinois, akarudi kwao, kisha akaja tena mwaka 1960 na kufanya kazi Chicago. Wazo lake la kulifanya jengo refu kuwa kama bomba, nguvu zake zote zikiwa kwenye kuta za nje, ndilo lililosimamisha John Hancock Center na baadaye Sears Tower yenye mita 442, iliyomalizika mwaka 1974. Aliondoka, akarudi, na njia ikawa bado ipo. Leo mtafiti mwenye viza iliyokwisha muda kwenye pasipoti, hata kama hadhi yake ndani ya nchi ni halali kabisa, anafikiria mara kumi kabla ya kwenda kumzika mzazi wake, kwa sababu kurudi kunategemea miadi ya ubalozi na ukaguzi ambao hakuna anayeweza kumwambia utachukua wiki mbili au miezi sita. Mashine ya maabara haimsubiri. Wala ruzuku.

Transista ya MOSFET, swichi ndogo mno ya umeme ambayo leo imejaa kwa mabilioni ndani ya simu mnayosomea barua hii, ilitengenezwa kwenye maabara ya Bell Labs na Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri, pamoja na Dawon Kahng, mzaliwa wa Seoul, kati ya mwaka 1959 na 1960. Mwanzoni haikupewa uzito. Ilikuwa na kasi ndogo kuliko transista zilizokuwa zikitumika, na kazi ya kuisafisha tabaka ya oksidi hadi itegemewe ilidai miaka mingine ya watu wengi. Jaribuni kuiombea leo ruzuku ya miaka mitatu.

Na yupo Qian Xuesen, ambaye mnapaswa kumkumbuka kuliko wote. Alikuja mwaka 1935, akapata uzamivu kwenye chuo cha Caltech chini ya Theodore von Kármán, naye mhamiaji kutoka Hungaria, na akawa miongoni mwa waanzilishi wa maabara ya roketi iliyokuja kuitwa JPL. Mwaka 1949 aliomba uraia. Mwaka 1950, wakati wa hofu ya ukomunisti, akanyang'anywa kibali cha kufanya kazi za siri, akawekwa kizuizini kwa muda, kisha akazuiwa kuondoka kwa miaka mitano. Mwaka 1955 akapelekwa China. Huko akaongoza mradi wa makombora, na mwaka 1970 China ikarusha setilaiti yake ya kwanza. Wanaomtaja siku hizi humtaja kama hoja ya usalama, kila upande ukivutia kwake. Mimi naona jambo dogo zaidi. Ofisi moja ilimwona mwanasayansi, nyingine ikamwona mshukiwa, na hapakuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuziketisha meza moja. Hali hiyo haijabadilika sana. Kwa kanuni zenu za udhibiti wa teknolojia, kumwonyesha mgeni teknolojia fulani ndani ya maabara ya hapahapa kunahesabiwa kama kuipeleka nje ya nchi, na mara nyingi mgeni wa watu anaambiwa mlangoni, mradi ukiwa umeshaanza, kwamba chumba hiki wewe huingii.

Kuhusu wenzi wetu sitasema mengi, ingawa yapo mengi. Mhandisi Irmgard Flügge-Lotz alipofika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1948 kutoka Ulaya, alikuwa tayari ana sifa kubwa katika nadharia ya mabawa ya ndege na udhibiti wa mitambo. Mumewe akapewa uprofesa. Yeye, kwa kanuni ya kutoajiri mke na mume kwenye nafasi hizo, akawa mhadhiri tu, akafundisha na kusimamia wanafunzi wa uzamivu kama profesa asiye na cheo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipopewa uprofesa kamili. Kanuni ile imekufa. Lakini mwenzi wa mwenye H-1B hata leo haruhusiwi kufanya kazi kwa viza yake ya utegemezi hadi maombi ya ukaazi wa kudumu ya mwenzake yafike hatua fulani. Nawafahamu wanawake wawili wenye shahada za juu za uhandisi wanaopika na kusubiri. Mnawalipa waume zao na kuwapoteza wao bure.

Sasa nije kwa walio karibu zaidi, yaani nyinyi wasimamizi wa maabara, maana serikali si ya kulaumiwa kwa kila kitu. Kibali kinachomfunga mtu kwa mwajiri mmoja kinampa msimamizi nguvu ambayo hakuiomba na wengine wanaizoea. Nimewahi kuwa chini ya msimamizi ambaye hakunitishia hata siku moja. Alikuwa anasema tu, "tuone ruzuku ya mwakani itakuwaje," na Jumamosi yangu ilikuwa imekwenda. Data nilizokusanya zilitoka kwanza kwa jina la mtu mwingine. Ningeweza kulalamika, na ofisi ya kulalamikia ilikuwepo, ina tovuti nzuri. Ila malalamiko yanachukua miezi, na barua ya kuongezewa kibali ilikuwa inahitajika mwezi uleule. Wengine wangehamia kampuni. Lakini vyuo vikuu havimo kwenye kikomo cha H-1B cha 85,000 kwa mwaka, na hiyo ni faida kwenu. Kwetu maana yake ni kwamba anayetaka kutoka chuoni kwenda kiwandani kwa kawaida anaanza upya kwenye bahati nasibu. Mlango wa kuingilia ni mpana kuliko wa kutokea.

Septemba 2025 hata ule wa kuingilia ulipewa bei. Tangazo la rais lililotiwa saini mwezi huo lilidai dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya nchi, na vyuo havikupewa msamaha wa jumla. Hizo ni pesa zaidi ya mshahara wa mwaka mzima wa mtafiti wa kawaida wa baada ya uzamivu. Matokeo yake hayahitaji nabii: mtaajiri walio tayari ndani, wenye viza za wanafunzi, na mtawafunga kwa mikataba mifupi zaidi kwa kuwa hawana pa kwenda.

Ninachoomba kinawezekana bila Bunge kukutana. Wagawaji wa ruzuku, anzisheni ruzuku za majaribio marefu, za miaka sita au saba, zinazofuata mashine na kipande kilicho ndani yake, na zinazomtaja mtafiti anayezitunza kwa jina ili asiondolewe kimyakimya. Uvumilivu huo upo kwingine. Taasisi ya taifa ya sayansi ya vifaa nchini Japani iliwahi kuacha chuma kikivutwa kwenye joto kali kwa zaidi ya miaka 40, kupitia mikono ya watu waliostaafu na wengine waliokuwa hawajazaliwa kilipofungwa. Wakuu wa vyuo, sheria inawaruhusu kuomba H-1B ya miaka mitatu kwa mpigo. Mnaomba mwaka mmoja mmoja kwa sababu mkataba ni wa mwaka mmoja, na mkataba ni wa mwaka mmoja kwa sababu idara ya fedha inapenda hivyo. Wekeni mfuko wa kumvusha mtafiti miezi sita ruzuku inapokatika, unaolipwa na chuo na si msimamizi, ili kibali chake kisife na jaribio lisizimwe katikati. Mwombeeni ukaazi wa kudumu mapema, kwenye mwaka wa kwanza wa ajira, badala ya kuuning'iniza kama zawadi ya utii. Na kanuni za udhibiti wa teknolojia zisomwe kabla mtu hajaajiriwa, aambiwe vyumba gani ataingia na vipi hataingia, ili aamue akiwa bado ana hiari.

Kwa watunga kanuni za viza, ombi langu ni moja tu kwa leo. Siku 60 ziwe 180 kwa watafiti walio katikati ya jaribio lililosajiliwa na chuo. Mizunguko ya mashine inajihesabu yenyewe kwenye kaunta na haidanganyi; mkitaka ushahidi kwamba mtu bado ana kazi ya kumaliza, njooni muisome.

Nimeandika barua hii kwa Kiswahili pia kwa ajili ya vijana wanaojaza fomu za maombi usiku huu na ambao barua zenu za kuwakaribisha hazitawaambia lolote kati ya haya. Nakala ya Kiingereza mtaipata kwa njia za kawaida. Ningependa kujibiwa kabla ya mzunguko ujao wa ruzuku, kwa sababu nina vipande vinne ndani ya maji ya chumvi sasa hivi na mkataba wangu unaisha kabla havijafika nusu.

Wenu katika kazi,

Mtafiti wa uhandisi wa vifaa